Kamba Niliyoikata Mwenyewe

Wambui mjukuu wangu,

Huku Uthiru hatujambo. Mama yako amepona kikohozi na ng'ombe amezaa. Wewe unasema huko chuoni unakula vizuri. Hapo sijakuamini, lakini tuendelee.

Umeniuliza kama ni kweli alivyosema yule daktari wa Upper Hill, kwamba ubongo wako unakuonyesha mwili ambao si wako. Mimi madaktari siwaamini haraka. Ila nilipokuwa msichana nikijifunza cherehani, niliacha kula kwa kujiona mnene, hata mlangoni nikawa napita kwa ubavu nikidhani sitatoshea. Fundi aliyenifundisha aliniona. Akanipa kamba, akasema, "Kata inayotosha kiuno chako, lakini usijipime."

Nikakata. Aliponizungushia, ilinizunguka karibu mara mbili.

Nilimshuku kwamba ameibadilisha. Nikakata nyingine, nikajifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Ikawa vile vile.

Sikupona siku hiyo. Lakini tangu hapo, macho yangu yakiniambia neno juu ya mwili wangu, nayashuku hayo kwanza, kabla ya kumshuku aliyeniwekea chakula.

Kwa hivyo rudi kwa huyo daktari, hata kama mimi bado namchunguza. Na ukija Krismasi, ingilia mlango wa jikoni. Nitakuwa nimekaa hapo nikichambua sukuma wiki, na sitakuuliza umekula nini. Nitaangalia tu unavyopita.

Ni mimi shosho yako, nisiyedanganyika.