Dada, Maji Yameshuka Tena Bondeni

Dada Lumba,

Kamwene. Najua hutaitika, ila wewe hukuwahi kunisikiliza neno lolote kabla sijakusalimia, kwa hiyo nimeanza hivyo.

Juzi maji yalishuka tena, na mwanao Neema alikuwa bondeni. Nakwambia mapema usihangaike: yuko hai. Nikiinua macho namwona pale uani, anagongelea misumari kwenye matenga, amenuna, haongei na mtu.

Sijawahi kukusimulia siku yako ya mwisho ilivyokuwa kwa upande wetu. Wewe uliiona ya kwako. Jua lilikuwa linawaka, na hilo wageni wakiniuliza hawalielewi. Hapa Ilula hapakudondoka hata tone. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu milimani. Sisi tuliona wingu jeusi kwa mbali tukafurahi kwamba mwaka huu zimewahi. Mimi nilikuwa barabarani napakia nyanya kwenye fuso. Wewe ulikuwa kwenye kinyungu chetu, ile bustani ya bondeni kando ya mto, unamwagilia, pampu inanguruma. Simu yako ulikuwa umeiacha nyumbani inachaji.

Mtu wa huko milimani alimpigia mwenyekiti wa kitongoji kwamba mto umefura. Mwenyekiti akashuka mbio anapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Waliokuwa karibu na njia walimsikia, wakapanda. Wewe ulikuwa umempa mgongo. Aliniambia mwenyewe pale msibani, analia mbele ya wanawe, kwamba alikuona unainama kurekebisha mpira wa maji, akakuita kwa jina, akakuita tena, na wewe ukaendelea na mpira wako.

Halafu maji.

Hapo huwa nakwama, Dada. Kila nikisimulia nakwama hapo hapo.

Tulipoanua matanga mwenyekiti aliitisha mkutano kwenye uwanja wa kigango, pale kanisani. Nilisimama nikasema tuweke king'ora, kikubwa, cha kushinda pampu zote za bondeni zikinguruma pamoja. Watu walinisikiliza kwa huruma, sikupenda. Wapo waliosema kengele ya kanisa inatosha. Wengine wakasema siku hizi ujumbe wa hali ya hewa unakuja kwenye simu, nikawauliza nani anamwagilia na simu mkononi. Mzee mmoja akasema kikilia watu watakimbilia mtoni kushangaa, na hapo wengi walicheka kwa sababu ni kweli.

Kisha Mama akaomba kusema. Unamjua Mama, hasemi mikutanoni. Alibaki ameketi, akasema, "Sasa hivi watu wanaliogopa lile bonde. Mkiweka hicho kitu watarudi. Waacheni waogope."

Nikamjibu mbele za watu, "Mama, watarudi tu. Watu lazima walime. Bora warudi wakiwa na kitu cha kuwaambia kimbieni."

Hakuniangalia. Wiki ile chakula changu alikuwa anamtuma Neema aniletee.

Hoja ya king'ora ilipita. Tulichanga, waliokuwa wakilima bondeni na hata wanunuzi wa nyanya, tukakisimika juu ya nguzo pembeni ya kigango, na betri yake na sola. Tulikijaribu pampu zikiwa zinafanya kazi na kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Kule juu tukapatana na Baba Oliva, yule anayekaa karibu na daraja la miti. Yeye akiona mto umebadilika anampigia mwenyekiti, na mwenyekiti asipopatikana ananipigia mimi.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana Mama alikiona kabla yetu.

Watu walirudi. Si kurudi tu, walishuka zaidi. Lile eneo chini ya mkuyu, ukingoni kabisa mwa mto, ambalo hata marehemu baba hakuthubutu kulima, likajaa nyanya na vitunguu. Neema naye akachukua kinyungu chako, akakiongeza kuelekea mtoni. Nilimkataza. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mjomba, si king'ora kipo." Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, niliyasema uwanjani.

Mara ya kwanza kilipolia, hakuna kilichokuja. Baba Oliva aliona maji yamepanda, akapiga simu, watu wakapanda mlima wanahema, tukasimama pale tunaangalia mto unapita kama kawaida yake. Mvua ya juu ilikuwa imekatika. Tuliposhuka kuna kijana alisema king'ora cha Yusto kinalia kama mtoto aliyeshiba. Kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka.

Ndiyo juzi sasa. Alasiri, jua kali kama la siku yako. Mwenyekiti alikuwa amekwenda Iringa mjini. Simu yangu ikaita, nikaona jina la Baba Oliva, nikaanza kukimbia kabla sijapokea. Alisema, "Yusto, yanakuja, na yamebeba magogo." Akakata.

Nilifika kwenye nguzo nikawasha. Ukiwa pale unaona bonde lote. Niliona vichwa vinainuka. Wengine wakatupa majembe wakaanza kupanda. Lakini chini ya mkuyu kundi la watu lilisimama tu. Walikuwa wanatazama juu kwangu, wanatazama mto, wanatazama wingu. Walikuwa wanafikiria. Dada, nilimwona Neema katikati yao, na pampu yake bado inatoa moshi.

Nilipiga kelele ingawa najua hakuna aliyenisikia. Nikawa napunga mkono, na wao wananipungia. Kisha nikamwona Mama. Alikuwa ametoka nyumbani peku, anateremka ile njia ya bondeni kwa fimbo yake, haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Niliacha nguzo king'ora kikiendelea kulia, nikamkimbilia. Nilipomshika bega alinisukuma. Alikuwa anaita, "Lumba! Lumba!" Hakusema Neema. Alikuwa anakuita wewe.

Hapo ndipo nikamwona Neema anainama.

Nikajua anarekebisha mpira. Kumbe alikuwa anaizima pampu. Akasimama, akamshika mkono mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, akaanza kumvuta, na wengine walipoona wanaondoka wakawafuata. Walikuwa wamefika nusu ya mlima mlio ulipoanza, ule mlio wa mawe yanayogongana ndani ya maji. Hawakugeuka tena. Maji yalipofika yalichukua pampu, matenga, vitunguu, kila kilichopandwa chini ya mkuyu. Mtu hakuchukuliwa hata mmoja.

Mama alimkumbatia Neema pale njiani. Baadaye, tumeshakaa nyumbani na uji umepoa mezani, alinigeukia.

"King'ora chako kimemtoa," akasema. "Na king'ora chako ndicho kilichompeleka."

Watu wananishika mkono barabarani, wananiambia Yusto umetuokoa, na mimi naitikia, lakini moyoni nasikia sauti ya Mama.

Jana tulikutana tena. Safari hii nilisema king'ora kibaki, na chini ya mkuyu pasilimwe tena na mtu yeyote. Waliopoteza mazao walinijia juu, na sikuwalaumu. Mwenyekiti aliuliza wanaokubali wanyooshe mikono. Mama ndiye aliyenyoosha wa kwanza. Ilipita, kwa shida. Neema hakunyoosha. Ndiyo maana amenuna. Nimempa nusu ya shamba langu la juu, lile lenye mawe, akasema nyanya za pale zitakuwa kama kokoto. Huenda ni kweli. Nitamsaidia kubeba maji.

Misa yako ya kumbukumbu inakaribia na Mama anataka tuimbiwe na kwaya yako. Nitakuja kaburini kupalilia kabla ya siku hiyo.

Pumzika, Dada yangu. Nakuahidi mvua zikianza mimi sitakwenda tena barabarani kupakia nyanya. Nitakaa karibu na ile nguzo, na simu yangu itakuwa na chaji. Kikitakiwa kulia nitakiwasha, hata wakinicheka mara ngapi. Na nakuahidi jambo gumu zaidi ya hilo: kwamba siku kitakapolia, mwanao hatakuwa kule chini kukisikia.

Mdogo wako,
Yusto