Mwalimu Filipo, Ukuta Wako Haujapigwa Lipu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotoka kwenda kuomba mabua ya alizeti kwa jirani yetu Fabiano, ukarudishwa umebebwa. Moyo ulisimama ghafla, tukaambiwa. Mabua uliyapata. Fabiano aliyaleta mwenyewe jioni ile, akayaegemeza ukutani, akakaa chini akalia.

Wengine hapa Kiomboi wakishavuna huyachoma. Wewe uliyangoja kama mtoto anavyongoja sikukuu. Uliyapasua katikati, ukakwangua kile kiini cheupe, ukapata mifereji ya kupitisha gololi. Ukaipigilia kwenye ukuta mzima wa mashariki, kuanzia chini ya bati mpaka usawa wa magoti, na mwisho wake ukaweka mfuniko wa sufuria ili gololi ikifika ilie.

Mfuniko ulikuwa wa Mama.

"Baba Clement, mfuniko wangu uko wapi?"

"Unafundisha, Mama Clement."

Ulistaafu ualimu wa sayansi, kufundisha hukustaafu. Kila Jumamosi uani palijaa shikamoo na kelele. Uliwaacha watoto wakate, wapinde, wapigilie, wakosee. Sheria ilikuwa moja tu: gololi ikianguka, usiiokote, angalia kwanza ilipoangukia. Mama alipita na ndoo yake akiguna. Kwa miaka tisa hakugusa hata gololi moja, na kila mgeni aliyefika Mama alimwonyesha matundu ya misumari, akililia lipu.

Isipokuwa siku ile ya njia mbili, Baba. Unaikumbuka? Zilianza mahali pamoja na kuishia kwenye mfuniko mmoja. Ya kwanza ya bua, imenyooka. Ya pili ya mpira wa maji uliopasuliwa. Ilitumbukia chini kwanza, kisha ikaenda taratibu hadi mwisho. Uliuliza ipi itafika mapema. Watoto wote wakasema iliyonyooka. Mama akaweka ndoo chini.

"Hilo nalo ni swali? Si ndiyo fupi!"

Ukaweka gololi mbili nyuma ya rula, ukamwambia ainyanyue. Ya njia ndefu ikagonga mfuniko kwanza. Mama akasema umeitia mkono. Akarudia mara saba, na mara saba ikashinda.

"Imeshuka mapema, ikapata mbio mapema," ulisema. "Mwenzake bado anazitafuta."

Ulijua sababu, na bado ulivua kofia kila iliposhinda, kama mtu anayeingia kanisani. Sisi wanao tulikucheka. Mama hakucheka. Aliinua ndoo yake akaenda, na mchana ule wali uliungua.

Wiki iliyopita Clement alikuja na saruji na fundi. Ndugu watakuja kwenye ibada ya kumbukumbu, akasema, nyumba ipigwe lipu ipendeze. Si ndicho Mama alichokililia miaka yote? Mama akajibu sawa. Fundi akamaliza kuta tatu. Asubuhi ya ukuta wa nne, Clement alishika nyundo kung'oa misumari yako.

"Ngoja," Mama akasema. "Mara moja tu."

Akaweka gololi mbili nyuma ya rula, akanyanyua. Ya bua ikalia kwenye mfuniko. Ya mpira ikaruka njiani, ikapotelea kwenye vumbi. Baba, moyo ulituuma. Ilikuwa kama hata ile siku ya maajabu umeondoka nayo. Clement akainama kuiokota.

"Usiiokote!" Mama alimkaripia. "Angalia kwanza ilipoangukia!"

Tulitazamana. Ilikuwa sauti yake, lakini maneno yalikuwa yako, yote. Akapiga magoti kwenye vumbi na khanga yake ya kanisani, akapima kwa dole gumba kama ulivyopima wewe. Jua la mwaka mzima lilikuwa limeulegeza mpira pale unapopinda. Akamnyang'anya Clement nyundo, akahamisha msumari nusu dole.

Akanyanyua rula tena. Ile ya njia ndefu ikatumbukia, ikakata kona, ikagonga mfuniko ng'eee, mwenzake akiwa bado njiani.

Clement, bila kuambiwa, akavua kofia.

Mama akafuta macho kwa mkono wenye vumbi. "Fundi," akasema, "saruji iliyobaki katengenezee choo."

Wanaokukumbuka ni mkeo Yunisi, mwenye nyundo. Wanao Clement na Agripina. Mjukuu wako Asnath. Fabiano, ambaye mwaka huu ametuletea mabua kabla hatujaomba. Na watoto wa Jumamosi, wanaozidi kuongezeka. Ndugu wakija kwenye ibada watauona ukuta wenye matundu. Mama ameshasema atawauliza ipi itafika kwanza.

Hutasahaulika kwetu kamwe, Baba. Mfuniko tumeuacha palepale.