Amri Iliyotoka kwa Jina Lako

Malindi,
Jumatano, 11 Juni 2025

Kaka Mwaro,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto, na kwamba mvua za huko Matsangoni hazikuozesha mihogo. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayochemka. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu hupokei, na mkeo, Dada Sidi, amekubali kunichukulia bahasha hii akitoka kuuza sokoni.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba umeapa hutagusa tena kompyuta, kwamba wasema macho yamechoka na akili imeanza kukuhadaa. Nilikasirika, kaka, hata nikamjibu mkeo vibaya mbele ya wateja wake. Nimemtaka radhi.

Hapa kazini nako ni balaa. Wakumbuka miezi minane nilivyomwomba Bwana Dena anipe ufunguo wangu mwenyewe wa kuingilia klasta, zile kompyuta kuu zinazoendesha programu za zahanati, nawe ukanisemea, naye akajibu kila mara kwamba nisubiri, nitumie faili yako ya kuingilia? Basi wiki uliyofukuzwa kila mtu alipewa ufunguo wake. Asubuhi moja tu! Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Mzembe ni yeye, na aliyelipia ni wewe. Mnyonge hana haki.

Na hawa wenzetu, waliokuwa wakila mahamri yako kila Ijumaa, siku hizi mtu akikosea huambiwa amefanya ya Mwaro, na wote hucheka. Juzi niligonga meza nikawaambia wanyamaze. Mmoja wao akaniuliza kwa upole mbona nakutetea mno.

Wewe pia nimekukasirikia. Siku ya kikao, Dena aliposoma kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba amri iliyofuta miadi ya chanjo ya zahanati sita ilitoka kwa jina lako, uliinamisha kichwa ukasema labda ulidhani uko kwenye klasta ya majaribio. Labda! Kwa nini hukubisha? Ukaomba radhi, tena ukataka akina mama waliorudishwa na watoto migongoni nao waombwe radhi kwa niaba yako.

Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Faili uliyonipa ilikuwa na anwani za klasta zote mbili, ya majaribio na ya kweli, pamoja na siri zako za kuingilia, na mstari mmoja unaosema amri ziende wapi. Asubuhi ya siku ile niliugeuza mstari huo uelekee kwenye ya kweli, nimtazamie muuguzi wa zahanati ya Junju orodha yake. Sikuurudisha. Baada ya chakula cha mchana nikaambiwa nisafishe ile ya majaribio, nikaandika amri ya kufuta bila kutazama niko wapi, ilhali wewe umenifundisha mara mia nitazame kwanza. Aliyefuta ni mimi. Kikaoni nilikaa kiti cha pili kutoka kwako, nikijua, na nimenyamaza wiki tatu.

Macho yako hayana neno. Hukukosea hata herufi moja.

Leo asubuhi nimempelekea Dena orodha ya amri zote zilizomo kwenye kompyuta yangu, na saa na dakika zake. Hajajibu. Nakala nimeitia humu, uisome mwenyewe. Radhi siombi kwa karatasi. Jumapili nitakuja Matsangoni, na ukinifukuza mlangoni mbele ya mkeo, ni haki yako.

Nisalimie watoto na wazee wote wa hapo nyumbani. Mama anakusalimu sana. Yeye bado hajui.

Ni mimi mdogo wako,
Swabra Abdulqadir