Nilivyorudi Kupambana na Upendo

Manundu,
Korogwe.
14 Julai, 2024

Mpendwa Shangazi Chausiku,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Sumbawanga? Sisi ni wazima, ila mama ana mafua yasiyotaka kuondoka.

Najua umesikia nimerudi kwenye karate, na hukupenda. Mama naye hakupenda. Tangu Upendo, yule msichana wa Handeni, aliponivunja taya kwa teke mwaka jana nikawa nanywa uji kwa mrija, mama hakutaka hata kulisikia neno lenyewe.

Lakini shangazi, taya lilipona. Kilichonitesa ni kwamba mtu akinyanyua mguu mbele yangu, nafumba macho. Hata watoto wakirusha mpira njiani, nafumba.

Niliporudi, mwalimu wetu wa karate, Kaleb, hakunipa mtu wa kupambana naye. Alikuwa akinyanyua mguu taratibu, kama anayevaa suruali, kazi yangu ikiwa kuutazama tu. Kesho yake hivyo hivyo, wenzangu wakicheka. Baadaye akaniongezea kuinua mkono kujikinga. Kisha hatua moja ya kuingia ndani, karibu na mpinzani. Nikikosea, tunaanza upya. Kuna siku nilirudi nyumbani nalia. Mpaka jioni moja teke likaja kwa kasi, na macho yakabaki wazi yenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye mashindano Handeni. Nikapangiwa Upendo. Nikamwambia mwalimu siwezi.

Akanijibu kwa sauti ya chini, "Sijakuomba ushinde. Tazama mguu."

Tulizunguka, mimi na Upendo. Akaja na teke lile lile. Shangazi, niliuona mguu ukiondoka chini! Mkono ukapanda, nikaingia ndani, ngumi yangu ikamfika kifuani. Pointi ikawa yangu. Baadaye alinipata mbavuni, na pambano akalichukua yeye.

Tulipokuwa tunavua mikanda alinifuata. Akanishika kidevu kwa vidole viwili, akauliza kama kinauma bado. Nikamwambia wakati wa baridi tu.

"Tangu siku ile sikuwa nalala vizuri," akasema, akaanza kulia.

Nilimsimulia mama yote. Aliendelea kuchambua mchicha, halafu akauliza kama huyo msichana anakula ugali wa muhogo. Basi Upendo anakuja kwetu Jumapili ijayo.

Nisalimie mjomba Awadhi na mdogo wangu Maryamu. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Mwanao akupendaye,
Yusra