Mungu wa herufi ndogo

Spès weee, Fausta kayakoroga huku Majimoto. Ninavyokuandikia analia jikoni kwangu.

Si unajua alizima ile herufi kubwa inayojiweka yenyewe kwenye simu? Eti inamfanya aonekane mwalimu!

Leo asubuhi baba mkwe wake amefariki. Fausta akaandika kwenye grupu la familia: "mungu ampokee baba."

Mungu kwa m ndogo, Spès! M ndogo! Na yule mzee watu walishamsema kwamba anatambikia mizimu!

Mama mkwe akajibu mbele ya wote: "Mungu yupi huyo mdogo? Hata wewe unamsema mume wangu?"

Fausta kaiwasha ile herufi mbio mbio, akatuma upya: "Mungu ampokee baba."

Mama mkwe kajibu: "Kumbe herufi kubwa unaijua."