Askari Katika Damu

Mbarara, Jumanne.

Neno "askari" limeniponza. Nilihitaji damu ya mtoto wa Mama Furaha, mkimbizi wa Kivu, kwa utafiti wangu. Pale kambini Nakivale nilimweleza kwamba karibu seli zote hubeba maagizo yale yale ya urithi. Mwili hufunga baadhi na kufungua mengine, na ndivyo seli changa ya uboho inavyogeuka askari wa kinga.

"Askari? Tulikimbia basoda na bunduki zabo kule, kumbe bako mu damu ya mutoto!"

Nikajitetea: ni walinzi tu, waliofunzwa vizuri.

"Hata bale balisema hivyo."

Nilihofia kurudi na chupa tupu. Hatimaye akaunyosha mkono wa mtoto.

"Kamata, dokta. Lakini ubabebe bote Mbarara."

Nimewaleta wachache. Waliobaki, namshukuru Mungu, wanaendelea na kazi.