Mama Pétronille, Fanny Wako Amevuka Kavimvira

Mwaka mmoja umeshatimia, mama, tangu Jumatatu ile tension, presha ya damu, ilipokuchukua kabla hatujafika hospitali. Papa anataka nianze tangazo hili polepole, kwa maneno ya huzuni, kama familia nyingine zinavyofanya. Siwezi! Habari ninayo mdomoni tangu Alhamisi, na nikiizuia zaidi nitapasuka. Fanny amerudi! Fanny wa mjomba Toussaint, yule yule. Amevuka mpaka wa Kavimvira kwa miguu yake mwenyewe, na sasa hivi yuko jikoni kwako anakula sombe na ndagala, sahani ya tatu.

Ni mimi Noella ninayeandika, binti yako wa kwanza, yule uliyesema ana mdomo wa redio. Leo redio imepata kazi.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa msusi wa mtaa wa Kasenga, hapa Uvira, mwenye salon ya mbao ya buluu karibu na mafundi wa baiskeli. Ulisuka miaka ishirini na miwili. Vidole vyako vilikwenda haraka, na maswali yako yalikwenda haraka zaidi. Msichana akikaa tu kwenye kiti: "Weye, unaenda wapi na hii misuko? Nani anakulipia? Mama yako anajua?" Wengine walinuna. Ulicheka, ukasema kuuliza si ujinga, ukaendelea kuuliza.

Nani atasahau siku ya Naomie wa Kimanga? Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuja asubuhi amejaa furaha, anataka misuko mirefu ya kufika mgongoni, maana gari la Bujumbura linamchukua saa nane, na kutoka huko ni ndege, kwenda kuuza dukani Uarabuni. Tiketi bure, pasipoti bure. Ukasema, "Eeh, bure! Vizuri sana." Ukasuka upande wa kushoto ukaumaliza. Kisha ukainuka, ukasema mèche, nywele za kusukia, zimekwisha, ngoja ukatafute nyingine sokoni, ukanikonyeza nikae mlangoni. Sokoni hukwenda. Ulipanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa mama yake, ambaye hakuwa na habari yoyote.

Saa nane akafika bwana mmoja wa viatu vyeupe, anapiga honi. "Toka, tunachelewa!" Naomie akajishika kichwa, upande mmoja misuko, upande mwingine nywele zimesimama. "Miye? Nitoke hivi, watu wananiona? Bora kufa!" Akakataa katakata. Maana msichana gani wa Uvira atasafiri na nusu kichwa? Bwana akapiga honi mpaka majirani wakatoka kumtazama, na hapo mama yake Naomie akatokea, pagne ameikaza kiunoni tayari kwa vita. Lo, gari lile lilivyokimbia! Tangu siku hiyo mtaa mzima ulikuita Mama Nusu Kichwa. Ulirudia mchezo huo mara nyingi, mpaka wale watafutaji wa wasichana wakaanza kuwakataza wasisuke Kasenga. Naomie ulimmalizia upande wa pili jioni ile ile. Leo anasoma uuguzi.

Watu walikucheka na kukupenda, ila sisi wa nyumbani tulijua kilichokuwa kinakuuma. Miezi michache kabla ya Naomie ulikuwa umemsuka Fanny, mtoto wa kaka yako. Saa sita nzima, misuko myembamba, hukutaka hata franga moja. Alisema anaenda Bujumbura kumsalimia rafiki. Hukuuliza zaidi. "Mtoto wa kaka yangu," ulisema, "nimuulize nini?" Kumbe yule yule bwana wa viatu vyeupe alikuwa anamngoja barabarani. Fanny akaenda, na simu yake ikanyamaza.

Mjomba Toussaint alikuja kutoka Luberizi, akasimama mlangoni mwa salon, akakuambia, "Ulimpamba, ukamkabidhi." Akarudi kwenye mpunga wake na hakukusemesha tena. Hata kwenye msiba wako hakuja. Nawe, siku ile ya mwisho, pumzi inakata, ulinishika mkono: "Watoto wa wenzangu ninawauliza, Noella. Wangu sikumuuliza." Neno hilo ndilo lililotutesa mwaka mzima kuliko hata kifo chenyewe.

Sasa sikiliza, mama. Baada ya mazishi nilitaka tuuze simu yako. Papa Evariste akakataa. Kila siku anaipeleka kwa jirani mwenye umeme wa solaire kuichaji, anairudisha mezani, hampigii mtu yeyote. Tulidhani anaanza kuchanganyikiwa, papa, utusamehe. Mwezi wa tano, Jumamosi mchana, tunachambua mchele, simu ikalia. Namba ndefu ya ng'ambo. Sauti ndogo: "Allô? Shangazi?"

Fanny! Tajiri wake alimnyang'anya simu na pasipoti siku ya kwanza, na duka aliloahidiwa huko Uarabuni halikuwepo. Ilikuwa kazi za nyumba ya ghorofa tatu, bila mshahara, bila kutoka nje. Simu hii ilikuwa ya mfanyakazi wa jirani, Mrundi mmoja mwenye moyo, aliyempitishia dirishani. Na namba pekee aliyoijua Fanny kichwani ni ile uliyoiandika kwa rangi ukutani mwa salon, mbele ya kiti. Aliitazama kwa saa sita nzima, ataisahau vipi?

"Shangazi iko?" akauliza. Na papa, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata mtoza ushuru, akajibu, "Iko hapa karibu, mwanangu. Sema, usikate." Alijua akitoa habari ya kifo, mtoto atalia na simu itakatika.

Tulikimbia kwa Sista Marie-Rose wa parokia, anayewapokea wasichana waliotoka kwenye mateso kama hayo. Akatuelekeza: yule bwana msimpigie, pesa msitume kwa mtu yeyote, tafuteni anwani ya nyumba. Fanny alipopiga mara ya tatu aliisoma kwenye mfuko wa dawa ulioletwa kwa mwenye nyumba, herufi moja moja, na Naomie, aliyekuja kutusaidia, akaiandika. Sista akaipeleka kwa wenzake wa huko, nao wakaenda na polisi kugonga mlango. Siku tuliyopata habari tulipiga vigelegele mpaka mafundi wa baiskeli wakauliza harusi ni ya nani! Bwana wa viatu vyeupe hajakamatwa bado. Jina lake limefika parquet, kwa mwendesha mashtaka, na sisi hatunyamazi.

Alhamisi tukaenda wote Kavimvira. Mjomba Toussaint alifika wa kwanza, amevaa koti la harusi yake. Fanny akatokea kwenye barrière ya mpaka na mfuko mmoja mkononi, amekonda, nywele zimenyolewa. Tulimrukia! Alitukumbatia mmoja mmoja, halafu akatazama nyuma yetu. "Shangazi alibaki salon?"

Papa akamshika mkono, akamwambia palepale. Fanny alikaa chini kwenye vumbi akalia, na mjomba akakaa naye. "Nilimlaumu," mjomba akasema. "Nilimwambia alikupamba, akakukabidhi. Amekufa na neno langu." Basi Fanny akainua kichwa, na hasira aliyokuwa nayo, mama! Aliyoyajibu ametuomba tuyaandike hapa, ili nawe uyapate:

"Shangazi, ungeniuliza ningekudanganya. Yule bwana alinifundisha la kujibu, na hamu ya kuondoka nilikuwa nayo mwenyewe. Misuko yako ilikaa miezi minne. Mwenye nyumba alitaka niifumue, nikakataa. Akanipiga, nikakataa. Walikuwa wamechukua kila kitu, hata jina langu walilibadilisha. Nikiishika ile misuko nilijua mimi ni mtoto wa watu. Hukunikabidhi kwao. Wewe ndiye uliyenishikilia."

Ndiyo hayo, mama. Sasa umeyasikia.

Misa yako ni Jumapili saa tatu, parokiani Kasenga, na wasichana wote uliowachelewesha wanakuja. Wanaokukumbuka ni kaka yako Toussaint, aliyeomba jina lake litangulie na anayesema, "Dada, unisamehe", mume wako Evariste, ambaye simu bado anaichaji, mimi Noella, Naomie wa Kimanga, na Fanny, ambaye mwaka jana tuliogopa hata kuliandika jina lake kwenye tangazo la msiba.

Hatutakusahau kamwe, Mama Pétronille. Pumzika. Hakuna mtoto wako aliyebaki nje.